Sahani za Kiingereza zenye Nakshi za Kijapani

Katika nyumba nyingi za Waingereza, na katika majumba yao ya makumbusho, zimo hata leo sahani zilizofanywa katika enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala tangu mwaka 1837 hata 1901. Baadhi ya sahani hizo zina nakshi zinazomfanya mtazamaji aulize zilikotoka. Juu ya udongo mweupe limechorwa tawi la mti lenye maua, nalo halikuwekwa katikati, bali limeingia kwa upande mmoja kana kwamba mti wenyewe umesimama nje ya sahani. Mbayuwayu wawili wanaruka. Nyuma yao uko mwezi mviringo. Ukingoni pana pepeo la mkono lililokunjuliwa nusu, na mianzi michache. Na sehemu kubwa ya sahani imeachwa tupu. Mtu akiigeuza asome chini yake huona jina la kiwanda cha Staffordshire, katika Uingereza. Basi picha yataja Japani, na udongo wataja Uingereza. Ni nani asemaye?

Makala hii yataka kulijibu swali hilo. Nisemalo ni hili: sahani hizo hutufundisha machache juu ya Wajapani, na mengi juu ya Waingereza waliozifanya na kuzinunua. Sisi tunaokusanya habari za lugha na desturi yatufaa kulifahamu jambo hili vema, kwa kuwa vyombo vya mataifa ni mashahidi kama maneno yao yalivyo mashahidi. Na shahidi akiulizwa habari asizoziona, jibu lake hupoteza watu.

Na tuanze na majina. Sisi kwa Kiswahili twauita udongo huu mweupe kauri, nalo ndilo jina la simbi, lile ganda dogo ling'aalo ambalo zamani lilitumika kama fedha. Waitalia nao walifanya vivyo hivyo: neno lao porcellana lilikuwa jina la ganda hilo hilo kabla halijawa jina la vyombo vya Uchina, na kutoka kwao lugha nyingi za Ulaya zimelipokea. Hivyo watu wa pande mbili zilizo mbali walipokiona chombo kigeni walikilinganisha na kitu kilichokuwa mikononi mwao, yaani ganda jeupe laini la baharini. Waingereza walishika na njia nyingine. Waliviita vyombo kwa jina la nchi, wakasema china. Na kazi ya kupaka mbao na bati rangi nzito ing'aayo, kwa mfano wa mafundi wa Japani, wakaiita japan. Katika viwanda vyao vya vyombo neno hilo hilo likawa jina la namna moja ya nakshi, yenye buluu nzito, nyekundu na dhahabu. Taifa zima likawa jina la rangi tatu.

Nakshi hiyo ya rangi tatu ina historia ndefu kuliko enzi ya Victoria. Katika mji wa Arita, kisiwani Kyushu, kazi ya kauri ilianza mwanzoni mwa karne ya 17, nayo ililetwa na wafinyanzi wa Korea, waliochukuliwa na majeshi ya Toyotomi Hideyoshi katika vita vya miaka ya 1592 hata 1598. Vyombo vya Arita vilipakiwa merikebuni katika bandari ya Imari, na kwa hiyo Wazungu waliviita Imari. Wakati huo watawala wa Japani walikuwa wakiifunga nchi yao. Wareno walifukuzwa mwaka 1639, dini ya Kikristo ikakatazwa kwa adhabu ya kifo, na katika Wazungu wote waliobaki ni Waholanzi tu, ambao tangu mwaka 1641 walifungiwa katika kisiwa kidogo cha Deshima, bandarini Nagasaki. Uchina nayo ilikuwa katika machafuko baada ya kuanguka kwa wafalme wa Ming mwaka 1644, na vyombo vyake havikupatikana kwa urahisi. Basi Waholanzi wakageukia Arita, na mwaka 1659 wakaagiza huko vyombo kwa maelfu.

Wafalme na matajiri wa Ulaya walivipenda vyombo hivyo, na mafundi wa Ulaya wakaviiga. Kiwanda cha Meissen, katika Ujerumani, kilianzishwa mwaka 1710; baadaye vikafuata viwanda vya Uingereza kama Chelsea, Worcester na Derby. Katika mwanzo wa karne ya 19 Spode na Derby walifanya sahani nyingi za rangi tatu zile, na mwaka 1813 Charles James Mason alipata hati ya kulinda ufundi wake wa udongo mgumu, ambao wengi waliununua ukiwa na nakshi za namna hiyo. Kwa hiyo Victoria alipoketi katika kiti cha ufalme, Waingereza walikuwa wamekula katika sahani walizoziita za Kijapani kwa muda wa miaka mia, na pengine katika mji mzima hakuwamo mtu mmoja aliyepata kuiona Japani. Waliiga kutoka katika vyombo vilivyoiga vyombo vingine. Msemo ukipita vinywa vingi hubadilika. Na nakshi ni vivyo hivyo.

Mwaka 1853 mambo yaligeuka. Matthew Perry, mkuu wa manowari za Marekani, alitia nanga karibu na Edo akiwa na merikebu nne, na mwaka uliofuata Wajapani walikubali mapatano naye. Mwaka 1858 Lord Elgin alifanya mkataba kwa niaba ya Uingereza, na mwaka 1859 bandari zikafunguliwa kwa biashara. Baada ya miaka mitatu tu, katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1862, watu waliona kwa mara ya kwanza mamia ya vitu vya Japani vimekusanywa mahali pamoja. Vingi vilikuwa mali ya Sir Rutherford Alcock, mjumbe wa Uingereza katika Japani. Wajumbe wa Japani walikuwako Ulaya mwaka huo huo, wakaenda kuvitazama. Katika msafara wao walikuwamo wasiopendezwa, kwani waliona vitu vya kawaida vya nyumbani vimechanganywa na vitu vya thamani bila kuchaguliwa. Lakini Waingereza walifurahi mno. Tangu mwanzo, basi, kitu kile kile kilikuwa na habari mbili: moja kwa mwenyewe, na nyingine kwa mgeni.

Kutoka hapo mapenzi hayo yalienea. Katika Ufaransa, mchoraji Félix Bracquemond alichora ndege, samaki na maua kwa kufuata vitabu vya picha vya Hokusai na wenzake, akazitia picha hizo katika vyombo vya mezani vilivyoagizwa na mfanyabiashara Eugène Rousseau, navyo vikaonyeshwa Paris mwaka 1867. Mwaka 1872 mwandishi Philippe Burty aliyapa mapenzi hayo jina, akayaita japonisme. Kiwanda cha Worcester kilionyesha vyombo vya namna ya Kijapani katika maonyesho ya Vienna ya mwaka 1873. Katika London, Arthur Lasenby Liberty alifungua duka lake mwaka 1875, akauza hariri na vitu vya Mashariki. Na mwaka 1885, mchezo wa nyimbo uitwao The Mikado ulipoanza kuchezwa katika London, mapepeo na makorongo yalikuwa yamekwisha kuingia hata katika nyumba za makarani na wenye maduka madogo.

Ziliingiaje katika nyumba za watu wa kadiri? Jibu limo katika ufundi wa kupiga chapa juu ya udongo, nao wastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu ndio uliozifanya sahani hizi ziwe kama zilivyo.

Ufundi huo ulipatikana katika Uingereza katikati ya karne ya 18. Katika Liverpool, John Sadler na Guy Green waliufanyia kazi tangu mwaka 1756. Na karibu mwaka 1784 Josiah Spode, katika mji wa Stoke, alifaulu kupiga chapa ya buluu chini ya mng'ao, mahali ambapo kisu na uma haviwezi kuikwangua. Kazi ilikwenda hivi. Kwanza fundi huchonga picha katika bamba la shaba nyekundu, akichimba mistari na vitone kwa chombo kikali. Na kwa kila ukubwa wa chombo hutakiwa bamba lake. Mpiga chapa hulipasha bamba moto, hulipaka rangi iliyokorogwa kwa mafuta, kisha huikwangua rangi ya juu ili ibaki katika mistari tu. Hutandaza juu yake karatasi nyembamba iliyoloweshwa kwa maji ya sabuni, naye hulipitisha bamba katika shinikizo. Karatasi hubanduka na picha. Hapo msichana huishika kwa mkasi, huikata vipande vipande, ukingo mbali na picha ya katikati mbali. Mwanamke mwenye uzoefu huvilaza vipande hivyo juu ya sahani iliyokwisha kuchomwa mara moja, na kuvisugua sana kwa brashi ngumu. Karatasi huoshwa kwa maji, na rangi hubaki juu ya udongo. Kisha sahani hutiwa katika moto mdogo ili mafuta yaungue, huchovywa katika maji ya kung'arisha, na kuingizwa tena jokoni.

Makao makubwa ya kazi hiyo yalikuwa miji sita ya Staffordshire: Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton, ambayo mwaka 1910 iliunganishwa kuwa mji mmoja wa Stoke-on-Trent. Makaa ya mawe yalichimbwa pale pale. Udongo mweupe ulitoka Cornwall, kusini-magharibi mwa nchi. Na tangu mwaka 1777 mfereji wa Trent na Mersey uliichukua mizigo kwa maji, hata vyombo visivunjike njiani kama zamani vilipobebwa na farasi katika barabara mbovu.

Wala tusiwasahau watu wa kazi hiyo. Mwaka 1841 Samuel Scriven alitumwa na serikali kuchunguza hali ya watoto katika viwanda vile, akakuta watoto wadogo wakichukua vyombo mbio kati ya fundi na chumba cha moto kutwa nzima. Hata mwaka 1864 ndipo viwanda vya udongo vilipotiwa chini ya sheria za kulinda watoto na wanawake kazini. Maji ya kung'arisha yalikuwa na risasi ndani yake, na risasi iliwapoozesha mikono na kuwaua wengi waliochovya sahani. Na kwa jambo hili masharti makali yalikuja mwishoni mwa karne tu. Yule korongo mweupe anayesimama kwa utulivu mkubwa juu ya sahani ya chai alipita katika mikono hiyo.

Sasa tutazame kile kilichobadilika katika uchoraji, kwani hapa Waingereza walijifunza kweli. Kabla ya wakati huo sahani ya Ulaya ilipambwa kwa mizani: picha katikati, ukingo unaofanana pande zote, na kila upande ukijibu upande wa pili. Nafasi tupu ilihesabiwa kuwa kazi isiyokwisha. Mafundi wa Japani waliwaonyesha njia nyingine: kwamba tawi moja upande mmoja laweza kuzaniwa na weupe mtupu upande wa pili, kwamba mwezi waweza kukatwa na ukingo, na kwamba picha mbili zaweza kupandana kama kadi zilizotupwa mezani. Mtu aliyetangulia kuisoma njia hii kwa makini alikuwa Christopher Dresser, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1834. Alichora nakshi kwa ajili ya Minton na viwanda vingine, na mwishoni mwa mwaka 1876 alisafiri mwenyewe hata Japani, akakaa huko miezi michache ya mwaka 1877, akiingia katika karakana za mafundi na kuuliza habari za kazi zao. Mwaka 1882 alitoa kitabu kikubwa juu ya majengo na ufundi wa nchi hiyo. Katika wachoraji wa Uingereza wa wakati ule alikuwa mtu wa pekee, kwa kuwa wengi wao waliichora Japani bila kutoka nyumbani.

Na hao wengi walifanya nini? Walichukua alama, wakaacha maneno. Kwa Wajapani korongo ni ndege wa maisha marefu. Husemwa kwamba huishi miaka elfu, na kobe miaka elfu kumi, na kwa hiyo hupendeza katika karamu ya arusi. Msonobari, mwanzi na mplamu huwekwa pamoja kwa sababu yote mitatu huvumilia majira ya baridi: msonobari haupotezi ubichi wake, mwanzi hupinda usivunjike, na mplamu hutoa maua ingali baridi. Kuitaja mitatu pamoja ni kumtakia mtu uthabiti na heri. Ua la krisantemumu lenye vijani 16 vilivyopangwa kama miali ya jua ni muhuri wa nyumba ya mfalme. Na zile duara ndogo zenye maua au majani ndani yake, ambazo wachoraji wa Staffordshire walizitawanya kama vifungo vya nguo, kwao ni alama za koo. Ukimwona mtu amevaa alama hiyo waijua jamaa yake.

Hayo yote yalipofika Stoke, mkasi ulipita. Mkasi huo haukuwa wa mfano tu, maana tumeona ya kuwa katika kazi ya chapa picha hukatwa vipande ili zienee juu ya chombo. Mwanzi ulitengwa na mplamu kwa sababu ulifaa kuziba pengo karibu na mkono wa kikombe. Alama ya ukoo ilipandwa katikati ya pepeo. Korongo wa arusi aliwekwa juu ya bakuli la supu. Kiwanda cha Ridgway kilitoa nakshi ya ndege na matawi yenye maua kwa namna ya Kijapani, kikaiita Indus, jina la mto wa Bara Hindi. Mnunuzi hakushangaa. Kwake Japani, Uchina na Bara Hindi zilikuwa nchi moja iitwayo Mashariki, na nchi hiyo haikuwa na mahali pengine duniani ila juu ya kabati lake.

Hata umbo la vyombo lakubali ushuhuda huu. Meza ya Mwingereza ilitaka sahani pana zenye ukingo, kumi na mbili zilizo sawasawa, pamoja na bakuli kubwa lenye kifuniko, chombo cha mchuzi, buli, kikombe chenye mkono na kisahani chake. Mjapani hakula hivyo. Mbele ya kila mlaji ziliwekwa bakuli na visahani vya namna mbalimbali, vingine vya udongo na vingine vya mti uliopakwa rangi. Vikombe vyake vya chai havikuwa na mkono. Na seti yake aghalabu ilikuwa ya vyombo vitano. Basi Waingereza hawakupokea meza ya Kijapani hata kidogo. Walipokea ngozi yake, wakaivika meza yao wenyewe.

Kwa wasomaji wa gazeti hili liko jambo zito zaidi. Katika miaka ile ile ambayo mapepeo ya Kijapani yalianza kupendwa London na Paris, Wakristo wa Japani walikuwa katika mateso. Mwaka 1865, katika kanisa jipya la Oura mjini Nagasaki, wanavijiji wa Urakami walimjia Padre Bernard Petitjean, wakamdhihirishia kwamba wao na wazee wao wameishika imani kwa siri zaidi ya miaka mia mbili, bila padre. Kuanzia mwaka 1868 serikali iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya 3,000 miongoni mwao, ikawatawanya katika majimbo ya mbali, na wengi walikufa huko kwa njaa, baridi na mateso. Mwaka 1873 ndipo mbao za kuikataza dini zilipoondolewa. Mwaka huo ndio Worcester ilipopeleka vyombo vyake vizuri Vienna. Mtu aliyeijua Japani kwa sahani yake tu aliijua nchi ya maua na mwezi, isiyo na mkulima, wala mfungwa, wala mwenye kusali. Sahani haikumwambia uongo. Ila yeye aliidhani kuwa imesema yote.

Na Wajapani je? Walikaa tu wakitazamwa? La. Baada ya mageuzi ya mwaka 1868 serikali yao mpya iliona kwamba mapenzi ya Wazungu ni soko. Iliwapeleka mafundi wake Vienna mwaka 1873 na Philadelphia mwaka 1876, pamoja na vyombo vilivyofanywa makusudi kwa macho ya wageni, vingine vikiwa na dhahabu na nakshi nyingi kuliko Mjapani mwenyewe angalivyopenda. Iliwaalika wataalamu wa Ulaya, kama Mjerumani Gottfried Wagener aliyefundisha huko Arita mwaka 1870. Mafundi wao nao wakaishika kazi ya kupiga chapa kwa bamba la shaba, wakafanya vyombo rahisi vya buluu kwa ajili ya watu wao wenyewe. Hatimaye mwaka 1904 ndugu wa jamaa ya Morimura walianzisha kiwanda huko Noritake, karibu na Nagoya, na mwaka 1914 kikatoa seti yake ya kwanza kamili ya meza kwa desturi ya Kizungu. Hivyo Waingereza walifanya sahani za Kizungu zenye picha za Kijapani, na Wajapani wakafanya sahani za Kizungu na kuwauzia Wazungu. Kila mmoja alikuwa mwanafunzi wa mwenziwe, na kila mmoja alichukua lile alilolihitaji.

Mwalimu akipata sahani ya namna hii, aweza kuisoma tarehe yake kwa alama za chini. Tangu mwaka 1842 hata 1883 nakshi zilizoandikishwa serikalini zilipewa alama yenye umbo la almasi, na herufi na tarakimu katika pembe zake zilitaja mwaka, mwezi na siku ya kuandikishwa. Namba ya Kirumi IV kichwani yaonyesha kwamba ni chombo cha udongo. Kuanzia mwaka 1884 alama hiyo iliachwa, ikawekwa namba mfululizo baada ya herufi Rd No. Neno England peke yake kwa kawaida laonyesha mwaka 1891 au baadaye, kwa sababu sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zote ziandikwe nchi zilikotoka. Na maneno Made in England kwa kawaida ni ya karne ya 20. Lakini tahadhari moja yahitajiwa: almasi ile hutaja siku nakshi ilipoandikishwa, wala si siku sahani ilipochomwa. Bamba la shaba liliweza kutumika miaka mingi. Anayesoma mwaka 1879 chini ya sahani asiseme, "Sahani hii ni ya 1879," bali aseme, "Sahani hii si ya kabla ya 1879."

Tahadhari hiyo yatuhusu hata katika pwani yetu. Watu wa pwani walikuwa wanunuzi wa kauri kabla ya viwanda vya Staffordshire kuwako. Makaburi ya nguzo ya Mambrui yalitiwa bakuli za Uchina, na yale ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, yalipambwa kwa sahani za kigeni katika karne ya 18. Katika Lamu vyombo vya kauri viliwekwa katika zidaka za ukutani, na katika karne ya 19 vyombo vya Ulaya, vya Maastricht katika Uholanzi na vya Uingereza, vilifika pwani kwa wingi na kuingia katika desturi hiyo. Hapa napo chombo kiliacha kazi yake. Sahani iliyofanywa ili mtu aile nyama juu yake iligeuka kuwa heshima ya nyumba, au pambo la maiti. Mtu akitaka kuwajua Wachina kwa kulitazama kaburi la Kunduchi atakosa. Lakini akitaka kuwajua watu wa Kunduchi, mahali pazuri amepapata. Na kwa sababu hiyo yule anayebandua sahani kaburini ili aiuze huharibu ushahidi wote. Mkononi mwake hubaki sahani ya zamani tu, nayo hupatikana kwingine. Ila neno iliyolisema mahali pale halipatikani tena.

Basi yako maswali mawili ambayo yatupasa kukiuliza kila kitu cha kuazima, kiwe chombo, au neno, au wimbo, au desturi. La kwanza: kilikuwa na maana gani kwa wenyewe? La pili: kimepata maana gani kwa waliokipokea? Aulizaye la kwanza peke yake atawadharau Waingereza kwa kumweka korongo wa arusi juu ya bakuli la supu. Aulizaye la pili peke yake hatajua kwamba korongo huyo alikuwa na kwao. Sisi tumezoea kuandika hadithi na methali za watu, na kuzipeleka mbali zikasomwe na wasiowajua. Kalamu yetu nayo ni mkasi. Tunapoikata methali kutoka katika kinywa cha mzee, na tuandike pia ilisemwa lini, kwa nani, na kwa shauri gani. Ili atakayeisoma baadaye asipate tawi zuri la maua lisilo na mti.